Chai ya Mkosaji

Jumatatu, 22 Julai

Muhula wa tatu umeanza katikati ya majira ya baridi, pamoja na upepo wa kusini, ule unaopenya mpaka kwenye soksi. Shule ni ileile ya muhula uliopita, na ya ule uliotangulia, jambo ambalo kwangu linastahili kuandikwa. Nina miaka kumi na sita na hii ni shule yangu ya tano. Mama ni mtafiti wa fizikia, wa wale waliokwisha kupata udaktari lakini bado hawajapata kiti cha kukalia. Huajiriwa miaka miwili hapa, mwaka mmoja pale. Tulianza Uppsala, ambako Baba alibaki. Tukaenda Sapporo. Sasa tuko nyumbani, Lower Hutt, na Bibi yuko Porirua, ng'ambo ya vilima.

Nyumba yetu ina kanuni moja: hatununui kitu kizito. Vitabu vyangu viko kwenye maboksi ya ndizi, yamepangwa ukutani mawili mawili. Nikitaka kitabu cha chini lazima nihamishe boksi la juu.

Mkataba wa Mama unakwisha Oktoba.

Ijumaa, 26 Julai

Maabara ya akina Mama ina mila yake. Kila Ijumaa saa tisa na nusu alasiri wanakunywa chai pamoja, na aliyekosea wiki hiyo ndiye anayeleta kitafunwa. Hakuna anayesamehewa. Profesa Verhoeven mwenyewe aliwahi kuleta biskuti kwa sababu alisahau vali wazi.

Leo ilikuwa zamu ya Mama, kwa hiyo nilibeba keki ya ndizi kutoka nyumbani, nikaipeleka baada ya shule. Niliioka mwenyewe. Katikati ilizama kama paa lililovuja.

Kosa lenyewe ni hili. Wanatengeneza injini ya umeme ya kusukuma setilaiti. Gesi inatiwa umeme mpaka inakuwa plazma inayowaka rangi ya zambarau, kisha sumaku kali iliyogandishwa kwa baridi kubwa inaitema nje, na chombo kinasukumwa upande wa pili. Msukumo ni mdogo sana, lakini huko juu hakuna kinachouzuia, na ukisukuma miezi mingi bila kuchoka unafika mbali. Dokta Fergus Strachan ndiye anayeiwasha injini ndani ya tangi la chuma lililonyonywa hewa na kupima nguvu yake. Mama haigusi injini. Yeye anaijenga kwa hesabu ndani ya kompyuta, chembe kwa chembe, kisha anasema itafanya nini.

Fergus amepima: msukumo ni sawa na uzito wa kijiko kimoja cha sukari. Modeli ya Mama inasema ni theluthi mbili za kijiko.

"Injini haijui kusema uongo, Pisila," Fergus alisema, akikata kipande kutoka pale keki ilipozama. "Mimi nimeikuta hivyo."

"Na hesabu haijui kubembeleza," Mama akajibu. "Nami nimeikuta hivyo."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa kwenye kona na kitabu changu, sikucheka.

Jumamosi, 27 Julai

Mvua kutwa. Nimesoma kitabu kutoka boksi la chini kabisa.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya kanisa tulikula kwa Bibi. Aliniuliza mbona mikono yangu ina alama ya kuungua, nikamwambia nilikuwa naoka keki ya kazini kwa Mama.

"Kwa nini wewe?"

"Ijumaa hii Mama alikuwa analisha maabara yote," nikasema. Ni kweli. Si kweli yote.

Bibi aliweka kijiko chini. Macho yake yaling'aa. "Maabara yote? Pamoja na profesa? Wamemchagua yeye?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama tambi za sapasui kwenye sahani yangu. Kwetu sisi Wasamoa, anayelisha watu ni mtu mwenye jina. Bibi amewahi kukata nyama ya harusi tatu kwa mwezi mmoja na hajaacha kuisimulia. Ningeanzaje kumwambia kwamba huko kazini chakula ni faini?

"Na Ijumaa ijayo?" Bibi akauliza.

"Huenda na Ijumaa ijayo," Mama akasema taratibu.

"Basi mwacheni mtoto na vikeki vyake. Nitapika mimi."

Ijumaa, 2 Agosti

Ndoo ya panikeke, yaani madonge ya unga ya kukaanga, bado za moto. Trei mbili za sapasui. Niliteremka kutoka gari la binamu yangu nikitembea kama mtu aliyebeba sanduku la kura.

Mama amerudia hesabu yote wiki nzima. Theluthi mbili. Fergus amepima tena. Kijiko kimoja.

Chakula kilikwisha hata majani ya chai hayajatulia. Fergus alipangusa vidole na kusema, "Pisila, mwenzangu, nakuomba kitu kimoja tu. Endelea kukosea."

Sasa hata mafundi wa pampu walicheka. Mama alitabasamu kwa mdomo. Nimemchukia Fergus mpaka nilipofika kituo cha treni, na kidogo baada ya hapo.

Jumanne, 6 Agosti

Theluji kwenye vilima vya Remutaka. Hakuna jingine.

Ijumaa, 9 Agosti

Panikeke, na maandazi ya nazi yenye mchuzi wake. Kijiko kimoja, theluthi mbili. Nimechoka kuandika namba hizi.

Baada ya chai nilikuwa nakusanya trei, na Profesa Verhoeven akabaki na Mama karibu na sinki. Yeye ni mpole, na ana tabia ya kuosha kikombe chake mara mbili akiwa na jambo gumu.

"Kampuni inakuja tarehe sita Septemba," alisema. "Wao ndio wataipeleka injini angani, na wao ndio wenye fungu la kukuongezea mkataba. Siwezi kuwaonyesha kipimo na modeli zinazogombana."

"Najua."

"Una ile namba yako ya kurekebisha, ya plazma inayovuja kwenye sumaku. Hakuna aijuaye kwa hakika. Kila mtu duniani huizungusha kidogo."

"Kidogo, ndiyo," Mama akasema. "Hapa itabidi niizungushe mara nne."

Profesa aliosha kikombe mara ya tatu.

Kwenye treni Mama aliniambia kuna maabara Ujerumani imemwandikia. Inamtaka kuanzia Novemba. Anatakiwa ajibu katikati ya Septemba. Nilikuwa nahesabu maboksi ya ndizi kichwani, na yapi yangebaki.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni kwa sababu tulikuwa tunakunja nguo, na mtu akikunja nguo hatazamwi usoni.

"Mama, kwani ukiizungusha hiyo namba kutatokea nini?"

"Njoo uone."

Aliacha nguo, akafungua kompyuta mezani. Kwenye grafu kulikuwa na nukta nyeusi za Fergus, na chini yake mstari mwekundu wa Mama. Akaongeza ile namba mara nne. Mstari ukapanda, ukapita juu ya nukta zote kama uzi kwenye shanga.

"Tazama ulivyo mzuri," akasema. "Tukiupeleka hivi, watapiga makofi."

"Basi si upeleke?"

"Ngoja." Akaenda kwenye umbo la injini, akaziba nusu ya mdomo wake. Injini iliyozibwa namna hiyo haifai hata kuzuia mlango usijifunge. Akaigusa namba tena, juu kidogo, chini kidogo. Mstari ukapanda, ukapita juu ya nukta zote.

Niliinamia skrini.

"Namba inayokubaliana na kila kitu haijui kitu, Losa. Nikiwapa hiyo, nitakuwa nimewapa nukta za Fergus zilizovalishwa suti."

Nilirudi kwenye soksi. Nilimwonea hasira, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kama nisingeelewa ningeweza kuendelea kumlaumu.

Jumatano, 14 Agosti

Jaribio la fizikia. Swali la mwisho sikulijua na nililiacha wazi, badala ya kuandika kitu kinachofanana na jibu kama nilivyozoea. Nimepoteza alama.

Ijumaa, 16 Agosti

Taro, yaani magimbi, samaki wa nazi, panikeke. Fergus aliongeza mara tatu.

Leo Mama hakungoja kuchekwa. Alisimama na kikombe chake akasema anadhani amejua tofauti inatoka wapi. Pampu haziwezi kunyonya kila kitu. Injini inapotema gesi, kiasi kidogo kinabaki kikizurura tangini, na kingine kinarudi mdomoni mwa injini na kusukumwa mara ya pili. Injini inapata chakula ambacho hakuna aliyeipakulia. Angani hakuna mabaki hayo.

"Modeli yangu haikosei injini," akasema. "Inakosea tangi, kwa sababu sikuweka tangi. Niliweka anga."

"Hiyo ni nadharia nzuri," Fergus akasema.

"Inapimika. Ingiza gesi ya ziada tangini makusudi, mbali na injini. Injini yenyewe usiiguse. Kama msukumo ukipanda, tutajua."

Fergus aliweka sahani chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Nimekaa miaka mitatu kulifanya tangi lile liwe safi. Mitatu. Unataka niingize uchafu kwa mkono wangu mwenyewe, wiki tatu kabla ya wageni, kisha ningoje sumaku ipoe upya? Ni kama kumwambia mpishi atie mchanga kwenye wali ili ajue kama meno yake yanafanya kazi."

"Mara moja tu, Fergus."

"Hapana, Pisila."

Nilimwona masikio yamekuwa mekundu. Nikafikiri, huyu naye anaogopa. Sikuwahi kufikiri hivyo kumhusu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimemwambia Bibi ukweli. Alikuwa anakanda unga wa panikeke za Ijumaa, siku tano kabla, kwa majaribio ya ndizi mpya, na sikuweza kuvumilia tena.

"Bibi, anayeleta chakula kule ni mtu aliyekosea. Ni adhabu. Wanamcheka Mama."

Mikono yake haikusimama. "Amekosea?"

"Anasema hajakosea. Wao hawajamwamini."

"Kwa hiyo kila Ijumaa anayeitwa mkosaji anawalisha wanaojiita wajuzi, nao wanakula wanashiba."

"Ndiyo."

"Anayekula nani?"

"Wao."

"Anayelisha nani?"

"Sisi."

"Haya. Sasa mdogo nani hapo?" Akaugeuza unga, akaupiga kofi. "Nyie watoto mnasoma vitabu vingi mpaka mnasahau sahani. Ijumaa nakuja mwenyewe."

Nimemsihi asije. Amesema kofia yake ya kanisani haijatoka nje siku za kazi muda mrefu.

Ijumaa, 23 Agosti

Bibi alikuja. Kofia nyeupe, gauni la puletasi la zambarau, mkoba. Binamu zangu wawili nyuma yake wamebeba trei kama wanaingia harusini. Nilitamani niwe mdogo niingie ndani ya ndoo.

Alisalimia kila mtu mkono kwa mkono, akawakalisha, akapakua. Hakuna aliyejipakulia. Kisha akasimama mbele ya Fergus na sahani iliyojaa.

"Wewe ndiye unayebishana na binti yangu?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mwembamba hivi. Kula."

Fergus akala. Bibi hakuondoka. Alimsubiri, amekunja mikono juu ya mkoba, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Ijumaa ngapi umekula chakula chetu?"

"Zote, Mama."

"Kwetu mtu hali mkononi mwako kisha akafunga masikio. Ukishakula kwake, unamsikiliza. Si lazima ukubali. Unasikiliza mpaka mwisho. Anachokuomba ufanye unakiweza au hukiwezi?"

"Nakiweza," Fergus akasema. "Ila Mama, hii si hongo?"

"Hongo ni pesa. Hii ni taro."

Chumba kizima kilicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine, na Mama alikuwa ndani yake. Fergus alipangusa mdomo. Alimtazama Mama, si Bibi.

"Ijumaa ijayo," akasema. "Naingiza gesi yako. Sumaku isipopoa kwa wakati, wewe ndiye utakayewaeleza wageni."

"Nitawaeleza."

Kwenye gari Bibi aliuliza kama ile mashine ya kwenda mwezini ilikuwa katika chumba kile kile tulimokula. Nimemwambia haiendi mwezini. Amesema itaenda tu.

Jumatatu, 26 Agosti

Upepo umeangusha mti wa jirani. Mama hajala vizuri.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimemuuliza kama anaogopa. Amesema, "Naogopa kukosea, ndiyo. Lakini zaidi naogopa kuwa sahihi, kwa sababu injini itakuwa dhaifu, na fungu ni la injini yenye nguvu." Akaenda kupiga pasi shati.

Sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani akishinda tutabaki. Kumbe anaweza kushinda na tukahama vilevile, na amejua hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa, 30 Agosti

Hakukuwa na chai. Watu wote walikuwa kwenye chumba cha vidhibiti, na Profesa aliniruhusu nisimame nyuma mradi nisiguse kitu. Sikugusa hata ukuta.

Tangi ni kubwa kama basi dogo. Lina kidirisha kinene cha duara, na ndani yake mwanga wa zambarau ulikuwa umetulia kabisa, bila moshi wala mtikisiko. Nilidhani injini ya kwenda angani ingenguruma. Kilichonguruma ni pampu tu.

Fergus alipima kwanza bila gesi ya ziada. Nukta ikatokea kwenye skrini, palepale pa kijiko kimoja. Akamtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa, endelea.

Fergus alishika kirungu kidogo cha vali upande wa nyuma wa tangi. Mkono wake ulikaa pale muda. Kisha akakizungusha, kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Tukangoja. Mizani ya injini ni bembea iliyoning'inizwa ndani, na inachukua muda kutulia. Nukta ya pili ikatokea. Ilikuwa juu ya ya kwanza.

Injini ilikuwa ileile, umeme uleule, gesi yake ileile.

"Inaweza kuwa bembea imehama," Fergus akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejisemea. Akaongeza tena. Nukta ya tatu, juu zaidi. Akaongeza. Ya nne, juu zaidi, na zote nne zilisimama kwenye mstari ulionyooka kama watoto wa paredi.

Fergus alivuta kiti, akakaa. Alichukua rula ya plastiki, rula ya kawaida kama yangu ya shule, akaiweka juu ya skrini ipite kwenye nukta zote nne, kisha akaufuata mstari kwa kidole kurudi nyuma: kupita nukta ya tatu, ya pili, ya kwanza, mpaka pembeni kabisa, mahali pasipo na gesi yoyote tangini. Yaani angani.

Kidole chake kilisimama kwenye theluthi mbili za kijiko.

Kisha akasema bila kugeuka, "Pisila, umekuwa ukituambia haya tangu Julai."

"Nilikuwa nawaambia nusu," Mama akasema. "Sababu niliipata juzi tu. Na bila tangi lako safi nukta hizi zisingenyooka."

Nilidhani ningefurahi kumwona Fergus ameshindwa. Badala yake nilimtazama akiwa ameishikilia rula pale pale, na nikamwona mtu aliyeharibu kwa mkono wake kitu alichokijenga miaka mitatu ili tu ajue ukweli. Angeweza kukataa. Mama angekuwa Ujerumani, na hakuna ambaye angejua.

Kuhusu Mama siwezi kuandika vizuri. Alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi, na nywele zake zilikuwa zimefumuka upande mmoja. Nilitaka kumwambia kila mtu kwenye treni, yule mama mwenye shati la bluu ni wangu.

Jumatatu, 2 Septemba

Profesa amefikiri siku mbili. Leo amesema: "Tutawaambia sisi, kabla hawajatuuliza." Mama atasimama mbele.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilifika wakati wa chai, wageni bado wako. Mhandisi wa kampuni ni mama mwenye mvi na viatu vya matope, Jocelyn Amery. Mama alikuwa amekwisha kuwaonyesha nukta nne na mstari. Watu walikuwa wanaviangalia vikombe vyao. Bibi hakuwa amepika, kwa hiyo mezani kulikuwa na biskuti za dukani, na nadhani hilo nalo liliongeza huzuni.

Jocelyn alichovya biskuti yake. "Nimewahi kununua injini tatu," akasema, "zote zilinidhoofikia huko juu, na hakuna aliyejua kwa nini. Hii ndiyo ya kwanza kunidhoofikia hapa chini, kabla sijairusha." Akamgeukia Mama. "Hesabu yako inaweza kuniambia nibebe gesi kiasi gani ili bado nifike?"

"Inaweza. Nipe mwezi."

"Nitahitaji zaidi ya mwezi wako," Jocelyn akasema, na akamwangalia Profesa.

Sijui hiyo inamaanisha nini. Mama naye anasema hajui. Ameimba akiosha vyombo.

Jumatano, 11 Septemba

Kimya. Barua ya Ujerumani bado haijajibiwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Mkosaji wa wiki alikuwa Fergus. Alileta mikate ya jibini ya kwao kusini, iliyokunjwa na kuchomwa, mingine imechomeka zaidi ya inavyotakiwa. Aliwapa watu mmoja mmoja kwa mkono, bila kuwaacha wajipakulie. Nilijua alikojifunza.

Alibakiza sahani moja, kaifunika kitambaa. "Hii ya mama yako," akamwambia Mama. "Nimekula kwake Ijumaa nyingi kwa jina la kosa ambalo lilikuwa langu."

Na kabla hatujavaa makoti Profesa alimwita Mama ofisini. Nilingoja nje, nimefungua kitabu, nikisoma mstari mmoja. Mama alitoka akasimama mbele yangu.

"Miaka mitatu," akasema.

Nikamuuliza wapi. Nilikuwa mjinga kwa furaha.

"Hapa, mtoto wangu. Hapa."

Jumapili, 15 Septemba

Fergus alikuja Porirua na sahani yake. Alivaa tai. Bibi aliuma mkate mmoja, akatafuna kwa muda mrefu huku sisi sote tunamtazama.

"Huyu kijana aruhusiwe kukosea tena," akasema. "Ila aongeze siagi."

Kanisani alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba binti yake ameikosoa mashine ya mwezini mpaka ikakiri. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo tumenunua kitu kizito. Ni rafu ya vitabu, mbao ya mti wa rimu, kutoka duka la vitu vya mitumba pale Petone. Inafika karibu na dari. Muuzaji alituuliza kama tuna mtu wa kuibeba. Mama akasema, "Tuko wawili," na tukaibeba wenyewe kutoka kwenye gari la kukodi mpaka ngazi za nyumba yetu, upepo ukiisukuma huku sisi tukiisukuma kule. Tulisimama kila ngazi chache kupumzika. Alinieleza kati ya pumzi kwamba nguvu ndogo ikiendelea muda mrefu hufika mbali, nami nikamwambia ashike vizuri.

Nimefungua maboksi yote. Vitabu vimejaa rafu tatu, ya nne iko tupu.

Jioni Mama ametoka mbele ya kompyuta, ameshika kichwa. Katika hesabu ya gesi ya Jocelyn ameweka alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Setilaiti yake imekuwa ikirudi nyuma tangu Jumanne.

Nimempigia Bibi kumwambia Ijumaa ni zamu yetu. Ameuliza watu ni wangapi.